Umehamishia Windows kwenye diski kubwa, nafasi mpya iko wapi?

Kompyuta nyingi zinazoletwa kitengo chetu cha TEHAMA kwa sababu zimejaa hazihitaji kutupwa, diski kubwa zaidi inatosha. Wengi huanza kwa kunakili kila kilichomo kwenye C na kukibandika kwenye diski mpya. Picha na nyaraka zitafika, ila kompyuta haitawaka kwa diski hiyo. Windows haikai yote ndani ya C: kuna sehemu ndogo iliyofichwa yenye faili za kuwashia, na mara nyingi nyingine ya kurejeshea mfumo ukiharibika. Kwa hiyo diski inakiliwa nzima nzima, kwa programu kama Clonezilla, ambayo ni ya bure na huwashwa kutoka kwenye flashi.

Kabla ya yote, weka nakala ya kazi zako mahali pa tatu, nje ya diski hizo mbili. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba data, uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48. Chomeka chaji.

Clonezilla itakuuliza diski ipi ni chanzo na ipi inapokea. Hapo usiwe na haraka. Ukizigeuza, diski tupu itanakiliwa juu ya ile yenye kazi zako zote. Soma ukubwa: ya GB 240 ndiyo ya zamani, ya TB 1 ndiyo mpya. Kazi ikiisha, zima kompyuta na uchomoe diski ya zamani kabla ya kuwasha. Sasa zote mbili zina kitambulisho kimoja, na Windows ikiziona pamoja huizima mojawapo.

Kompyuta imewaka, lakini C bado inasoma ukubwa ule ule wa zamani. Usimlaumu muuzaji. Nafasi ipo, ila imekaa mwishoni mwa diski, na ile sehemu ya kurejeshea mfumo imejibana katikati yake na C. Windows huweza kuongeza C kwa nafasi iliyo jirani yake upande wa kulia tu, ndiyo maana amri ya kuitanua, "Extend Volume" ya kwenye Disk Management, inafifia. Zima kwanza huduma ya kurejesha mfumo: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika <i>reagentc /disable</i>, kisha washa kompyuta kwa flashi ya GParted, programu ya kupanga sehemu za diski, sukuma sehemu hiyo hadi mwisho na uitanue C. Ukirudi Windows, andika <i>reagentc /enable</i>.

Hata hapo TB 1 itasomeka kama GB 931. Watengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024, hakuna kilichoibwa.

Ukinunua diski inayozidi TB 2, mpangilio wa zamani wa kugawa diski, MBR, hautaitumia yote. Itabidi uhamie mpangilio mpya zaidi, GPT, na Windows 10 na 11 zina zana ya mbr2gpt kwa kazi hiyo.

Diski ya zamani iweke kando wiki chache, hadi uhakikishe kila kitu kinafunguka. Ukitaka kuiuza, ifute kwa programu inayoandika upya diski nzima, maana kuiformati haraka huondoa orodha ya faili tu, na fundi mwenye programu ya kurejesha anaweza kuzipata.