Shirikisho si kugawiwa madaraka

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko hapa Mtwara, jamaa mmoja aliagiza kikombe cha pili ili amalizie hoja yake: halmashauri wakiachiwa fungu kubwa la ushuru wa korosho zinazokwenda nje, "hapo tutakuwa shirikisho." Wenzake wakaitikia. Ni mara ya tatu mwezi huu nalisikia neno hilo likitumika hivyo.

Shirikisho ni nchi ambayo katiba yake imegawa madaraka kati ya serikali kuu na serikali za majimbo, na upande mmoja hauwezi kumnyang'anya mwenzake peke yake. Marekani, Ujerumani, Nigeria, Ethiopia. Maana ni hiyo tu.

Tatizo liko kwenye mzizi, na watu wa korosho ndio wangepaswa kuujua kuliko wote. Shirikisho limetoka kwenye kushiriki, neno la asili ya Kiarabu, yaani kuwa na fungu katika kitu. Humo wamo mshirika, shirika na ushirika. Wakulima wa kijiji wanaungana, inazaliwa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. AMCOS nazo zinaungana, kinazaliwa chama kikuu, kama MAMCU au TANECU. Chukua karatasi ya malipo baada ya mnada, usome makato mstari kwa mstari: hiki cha AMCOS, hiki cha chama kikuu, hiki cha ghala. Hata ukinung'unikia makato yenyewe, chama kikuu kina fungu kwa sababu walio chini yake walijiunga. Nguvu imepanda kutoka chini.

Halmashauri haikuzaliwa hivyo. Ibara ya 145 ya Katiba inazitaja serikali za mitaa, lakini zinaanzishwa kwa sheria. Wazee wanakumbuka: mwaka 1972 zilifutwa, ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, kisha zikarudi 1984 kwa sheria zilizopitishwa 1982. Newala haikuulizwa, Kilwa haikuulizwa. Mkoa wa Lindi wenyewe ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971 kwa uamuzi wa juu, na mkuu wa mkoa mpaka leo anateuliwa na Rais. Madaraka yanayoshushwa namna hii yanaitwa ugatuzi, na aliyeyashusha anaweza kuyapandisha. Hata Kenya, yenye kaunti 47 na magavana wanaopigiwa kura, mfumo wao wanauita ugatuzi.

Neno jimbo nalo linazidisha mkanganyiko. Enzi za Mwingereza huku kote kulikuwa Jimbo la Kusini, makao yake Lindi kabla ya kuhamia Mtwara. Leo mbunge ana jimbo, na askofu Mkatoliki ana jimbo. Ukisema "serikali ya majimbo" mbele ya watu kumi, kila mmoja anaondoka na lake.

Nilipoyaeleza haya, mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Mwanangu, kwa hiyo tungekuwa shirikisho, gesi ya Mnazi Bay ingekuwa yetu?"

Si lazima, mzee. Nigeria ni shirikisho la majimbo 36, na mafuta yao ni mali ya serikali kuu. Walichonacho ni kifungu kwenye katiba ya 1999 kinachotaka angalau asilimia 13 ya mapato irudi kwenye majimbo yanakochimbwa. Kifungu hicho gavana anaweza kukishika mkononi akaenda nacho mahakamani. Diwani wa Mtwara au Kilwa hana kifungu cha namna hiyo, na hapo ndipo ilipo tofauti ninayoitafuta.

Kwa yule jamaa wa korosho: kaka, dai lako ni la haki na mimi nakuunga mkono, ila jina lake ni ugatuzi wa mapato. Ukimpelekea diwani kwa jina la shirikisho, atakwambia hayo ni mambo ya katiba, yako nje ya uwezo wake, na utakuwa umemfungulia mlango wa kutokea wewe mwenyewe.