Bima ya mazao bila riba: michango yako inakaa kwenye mfuko wa nani?

Mkulima wa mahindi ya mvua akishauriwa kukata bima, mara nyingi haanzi na bei. Anauliza, "Shehe, hii si kamari?" Ana haki ya kuuliza. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililoko Jeddah lilikataa bima ya kibiashara na kuruhusu ile ya ushirika, ambayo ndiyo msingi wa takafuli, yaani bima ya Kiislamu.

Katika takafuli, michango huingia kwenye mfuko wa wakulima wenyewe kwa nia ya tabarui, yaani kujitolea kumfaa mwenzako mazao yake yakiharibika. Kwa mfumo wa wakala, kampuni huusimamia kwa ujira unaojulikana tangu mwanzo. Mfuko ukipungukiwa, kampuni huukopesha bila riba. Ukibaki na ziada, je? Hapo ndipo pa kumbana muuzaji: ziada inakwenda wapi, na katika kila shilingi mia ya mchango wangu ninyi mnachukua ngapi? Akikujibu kwa aya tupu bila hesabu, usitie saini.

Kumtuma mkaguzi kwenye shamba la ekari moja kungemeza mchango wote, ndiyo maana bima nyingi za wakulima wadogo hutumia kipimo cha eneo zima, si cha kila shamba. Kenya kuna mfano wa mifugo. Mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa iliuza bima ya namna hiyo Wajir, setelaiti zikipima ukijani wa malisho, na Machi 2014 wafugaji 101 wakalipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Kwa mazao hupimwa mvua, au wastani wa mavuno ya eneo.

Kasoro yake wauzaji huipitia juu juu. Mvua ikinyesha kijiji cha pili na kipimo kikasema imetosha, wewe uliyekaukiwa huambulii kitu. Viwavijeshi navyo havionekani kwenye kipimo cha mvua. Tena asiye na shamba asiuziwe kabisa. Kumlipa mtu asiyekuwa na cha kupoteza ndiyo kamari yenyewe.

Mchango hudaiwa wakati uleule wa kununua mbegu, nyumbani hakuna kitu. Kwa maoni yangu, kamati za zaka zingeweza kuwalipia wakulima mafukara, kwani mafukara na maskini ndio wanaotajwa mwanzo katika mafungu 8 ya wanaostahiki zaka. Ila zikae mapema: usajili hufungwa kabla msimu haujaanza.