Bavete ya dukani au ya kukatiwa sokoni? Yanayosemwa Lubumbashi na yaliyo kweli

Mvua za Novemba zikishaanza, pikapu nyeupe za Lubumbashi hugeuka za rangi mbili: juu nyeupe, chini nyekundu hadi kwenye vitasa. Udongo wetu umejaa kutu ya chuma, ndiyo maana ni mwekundu, na kando ya barabara ya Kipushi unachanganyika na mfinyanzi wa vichuguu, ule ule watu wanaofyatulia matofali. Tope la namna hiyo likikaukia kwenye bati, ndoo moja ya maji hailitoi. Hapo ndipo wenye magari hukumbuka bavete, kile kipande cha mpira au plastiki kinachoning'inia nyuma ya gurudumu. Dar es Salaam labda wangesema madigadi ya mpira. Sisi tumechukua neno la Kifaransa, lile lile la kitambaa anachofungwa mtoto shingoni asijichafue akila, na ukifikiri vizuri kazi ni moja.

Ubishi unaanzia kwenye swali la wapi pa kuitoa: ununue iliyotoka kiwandani, au umwendee fundi wa sokoni akukatie? Nimetumia zote mbili na zote mbili nimezipoteza njiani, kwa hiyo sina upande wa kutetea. Ila nimesikia mengi yakisemwa kwa uhakika mkubwa, na mengine si kweli.

"Bavete ni kazi ya gurudumu la nyuma"

Dhana hii ndiyo inayoharibu magari mengi kuliko zote. Mtu anaweka mbili nyuma kwa sababu ndizo zinazoonekana, kisha anaacha mbele wazi. Sasa angalia nani anamkinga nani. Gurudumu la mbele linatupa mawe na tope kwenye gari lako mwenyewe: chini ya milango, kwenye kikanyagio, kwenye mabomba ya breki na ya mafuta yanayopita tumboni mwa gari. La nyuma linamtupia jirani: kioo cha anayekufuata, taa zake, uso wa mwenye pikipiki. Ukiwa na fedha ya mbili tu na rangi ya gari ndiyo inayokuuma, anza na za mbele. Ukianza na za nyuma, ujue umewanunulia wengine. Hilo nalo si dhambi.

Kuhusu mawe pia kuna jambo watu hulipindua. Wengi wanadhani tairi hulirusha jiwe nyuma kama risasi. Tairi linapoviringika, sehemu yake inayogusa ardhi huwa kama imesimama kwa nukta hiyo. Jiwe linaloachiliwa pale chini huinuliwa juu, lakini halina kasi ya maana ya kukimbilia nyuma. Anayefuata ndiye anayeligonga. Ukiwa kwenye barabara ya Kasumbalesa, ile ya kwenda mpaka wa Zambia, mwendo wa 80, umelibana lori la madini mgongoni, lile jiwe linakungoja hewani karibu limetulia, na kasi inayopasua kioo ni ya kwako. Bavete ya lori ikikosekana, kinga yako ni kuacha nafasi.

"Ya dukani ni orijino, inakaa yenyewe"

Za dukani ni za aina mbili, na wauzaji hawapendi kuzitenganisha. Kuna iliyomiminwa kwa ajili ya gari la aina moja: imefuata mkunjo wa bodi, na matundu yake yanaangukia kwenye matundu ya skrubu yaliyopo tayari. Hiyo unaifunga kwa bisibisi tu, bila kutoboa kitu. Halafu kuna ile inayoitwa ya magari yote, karatasi bapa ya plastiki yenye chapa ya kung'aa. Tofauti yake na ya fundi wa sokoni ni hiyo chapa.

Hata ile ya kwanza inataka macho. Hilux si moja: bodi ya iliyotoka 2015 si bodi ya iliyoitangulia, na muuzaji akikuambia "ni ya Hilux" hajakuambia kitu. Tena, gari lililovalishwa tairi pana kuliko la kiwandani hutokeza nje ya bavete yake, na tope hupita pembeni kana kwamba hukuweka chochote. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya V8, zilizoanza kutoka 2007, zina kituko chao: magurudumu ya nyuma yamesogeleana kuliko ya mbele kwa karibu sentimita 10. Ukichukua kipimo cha mbele ukakifunga nyuma, bavete inakinga hewa.

Na jua. Kufika Oktoba, kabla mvua haijatusaidia, plastiki ya bei rahisi imekwisha kukakamaa, na jiwe la kwanza linaipasua kuzunguka skrubu. Ukiwa dukani, ikunje kwa mikono miwili. Ikilia, au ikabaki na alama ya mkunjo, mimi siinunui hata kama muuzaji ananiangalia vibaya.

"Mpira ni mpira tu"

Nenda karibu na soko la Kenya (komini yetu, yaani sehemu ya mji, si ile nchi) na utakuta mpira wa namna tatu.

Wa kwanza ni mpira wa ndani wa tairi. Ni rahisi kuukata, ni mwepesi, na ndiyo shida yake. Gari likishika mwendo, upepo unauinua unapepea kama bendera, yaani pale hasa unapouhitaji haupo mahali pake. Uache kwa baiskeli.

Wa pili ni tairi kuukuu. Unavutia kwa sababu umezagaa kila kona, lakini ndani yake mna nyuzi za chuma: tairi za siku hizi zinazo chini ya kashata (meno yanayokanyaga barabara), na za malori zinazo hadi ubavuni. Ukishakata, ncha zinatokeza, zinashika kutu, zinakwaruza rangi na kumchana kijana anayekuoshea gari. Halafu tairi halikubali kunyooka. Nilimwuliza fundi kwa nini asiligandamize kwa mawe usiku kucha. Akacheka: "Papa, hii imezaliwa duara. Huwezi kuifundisha kulala." Kweli, kipande alichonifungia siku ile kilikuwa kimejikunja kuelekea gurudumu, na kabla ya wiki kuisha kilikuwa kinasuguana nalo.

Wa tatu ndio utajiri wetu: mkanda wa mgodini, ule unaobeba mawe ya shaba kwenda kwenye mashine ya kusaga. Mji huu umekuwapo tangu 1910 kwa ajili ya hayo mawe, na mkanda unaochakaa huishia kukatwa vipande na kuuzwa. Umezaliwa bapa. Katikati ya mpira kuna tabaka za kitambaa kigumu, kwa hiyo skrubu haiuchani kirahisi. Na kupigwa na mawe ndiyo kazi iliyouzeesha. Kwa bavete ya nyuma ya pikapu sijaona kitu cha dukani kinachoushinda.

Lakini una uzito, na hapa ndipo wanaousifu hunyamaza. Kipande cha sentimita 30 kwa 45 chenye unene wa milimita 10 kinapita kilo moja na nusu. Vinne ni zaidi ya kilo sita, vinaning'inia kwenye bati jembamba, vinarushwa juu na chini kwenye kila shimo. Zangu mbili zilizopotea, mpira wake haukuchanika hata kidogo. Kilichochanika ni bati la gari, na bavete zikaondoka na skrubu zake. Siku hizi naomba mkanda wa milimita 6, ambao kipande chake ni kama kilo moja, na kwa nyuma naufunga kwenye kishikizo cha chuma kilichotoka kwenye chesisi, siyo kwenye bodi.

Ukienda kununua, angalia ukingo uliokatwa. Ukiona nyaya za chuma badala ya kitambaa, achana nao, ni ugonjwa ule ule wa tairi. Uoshe kabla haujagusa gari, maana umekunywa vumbi la mgodi miaka. Na mkanda mpya unaong'aa, unaouzwa kwa bei ya chakavu, haukuzeeka popote. Umeibiwa, na maswali yakija yatakukuta wewe uliyeuning'iniza hadharani.

Kuukata, chora kwanza kwenye katoni, ijaribu kwenye gari, ndipo uhamishie kwenye mpira. Kisu kikali kilichochovywa maji ya sabuni kinapita. Kikavu kinanasa, na mkono unaoteleza ni wa kwako.

"Ikikaribia ardhi ndiyo inakinga zaidi"

Kuna kanuni nyepesi. Pima kutoka pale tairi linapogusa ardhi hadi usawa wa bavete. Ukingo wa chini ukiwa juu ya ardhi kwa theluthi ya umbali huo, unazuia sehemu kubwa ya kinachoruka. Bavete iliyo sentimita 45 nyuma ya mguso huo inaweza kuishia sentimita 15 kutoka chini, na iliyo sentimita 60 inaweza kuishia 20. Maana yake, inayokaa mbali na tairi inaruhusiwa kuwa fupi, na inayokaa karibu lazima ishuke zaidi.

Kuiburuza chini hakuongezi kitu cha maana, kunaipunguzia maisha tu. Pikapu ikipakiwa magunia ya makala (mkaa), mgongo unashuka, na bavete iliyokuwa inapendeza ikiwa tupu sasa inafagia barabara. Pima gari likiwa na mzigo, au pandisha watu wazima wanne nyuma kwa dakika tano. Za kiwandani nilizipoteza kwa kosa hilo hilo: nilirudi nyuma kutoka kwenye mfereji wa shambani, tairi likaikanyaga moja, likaimeza, nikasikia kitu kikikatika. Ya upande wa pili ilifuata mwezi ule ule. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya mpira na tairi, na kwa za mbele zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, kabla hujakaza skrubu.

"Zinakula mafuta"

Kwa mwendo wa mjini, Katuba au Kampemba, huwezi kuipima tofauti. Kwenye barabara kuu, bavete pana inayotokeza nje ya tairi inasukumana na upepo kidogo. Tairi lililopungua upepo linakula zaidi, na hilo hakuna anayelilalamikia.

"Ukikatiwa mtaani ni karibu bure"

Mpira ndio rahisi. Ongeza chuma bapa cha kuubana usijikunje juu, skrubu zisizoshika kutu, rondele (washa) pana ili kichwa cha skrubu kisizame ndani ya mpira, mkono wa fundi, na nusu siku yako. Ongeza pia rangi, kwa sababu kila tundu analotoboa kwenye bodi ni mlango wa kutu, na mafundi wengi hutoboa wakafunga papo hapo. Simama naye. Apake rangi ndani ya tundu, ikauke, ndipo afunge. Iliyomiminwa kwa gari lako haina gharama hizo, na mara nyingine mwisho wa hesabu ndiyo inayokuwa rahisi.

Ila zote mbili zinanasa tope kati ya bavete na bati, na tope linalokaa pale na unyevu wake linaoza chuma kimyakimya msimu mzima. Kila unapoosha gari, elekeza maji pale kwa nyuma. Wanaoosha magari hawapaelekezi mpaka uwaonyeshe.

Pikapu yangu sasa ina zilizomiminwa mbele, maana pale nafasi ni ndogo na mkunjo wa bodi ni mgumu kuufuata kwa kisu, na nyuma ina mkanda wa mgodi. Fundi aliniwekea mnyororo mwembamba na ndoano kila upande: nikiingia shambani nazikunja juu zisikanyagwe, nikirudi kwenye lami nazishusha. Nikisahau, wenye pikipiki nyuma yangu hunikumbusha kwa honi.