Ulishuka uvunguni?

Mtu akiniambia amefika kwenye ukumbi wa maigizo wa kasri la Český Krumlov, mji mdogo wa Jamhuri ya Czech, humuuliza swali moja: ulishuka uvunguni mwa jukwaa? Wengi hunisimulia michoro ya dari. Sawa, inapendeza. Lakini mimi ni fundi wa jukwaa, na utamu wa ukumbi ule naujua uko chini ya mbao.

Mandhari ya jukwaani ni fremu zilizowambwa kitambaa na kuchorwa, zimesimama safu kwa safu kushoto na kulia. Kila fremu hupenya mwanya wa sakafu na kushikwa na kigari kinachotembea huko chini. Vigari vimefungwa viwili viwili: kimoja kikirudi pembeni, mwenzake anatokeza. Kamba zote huishia kwenye gogo moja kubwa la kuzungushwa. Watu wachache wakilisukuma kwa pamoja, msitu mzima unaondoka na jumba la kifalme linaingia, pazia likiwa wazi, kwa sekunde chache tu. Hakuna injini wala umeme.

Ujanja huo ulipata sifa Venice miaka ya 1640, mikononi mwa Giacomo Torelli, fundi Mwitaliano wa mitambo ya jukwaa. Venice ni mji wa mabaharia, na inaonekana: nahodha wa jahazi akishushwa uvunguni pale, kamba na kapi atazisoma bila mkalimani.

Sakafu yenyewe inapanda kuelekea nyuma, na fremu zinazidi kuwa fupi. Mtazamaji huona umbali usiokuwepo. Mwigizaji akijisahau akarudi nyuma mno, anageuka jitu linalofika kwenye paa la nyumba!

Ukumbi huu ulijengwa upya miaka ya 1760 na mtawala Josef Adam wa Schwarzenberg. Kumbi nyingi za rika lake ziliungua kwa mishumaa, au wenyewe waling'oa mitambo wakitaka ya kisasa. Huu uliponea kwa kutotumika sana, kama ule wa Drottningholm nchini Sweden, uliosahaulika hadi 1921. Huu wa Krumlov ulifungwa 1966, ukafunguliwa tena kwa wageni 1997, na maonyesho hadi leo ni ya kuhesabu, maana mbao zile hazina mbadala.

Mitambo ya upepo, mvua na radi nayo ipo. Mtambo wa upepo wa zama zile ni pipa la mbao linalozungushwa chini ya turubai lililokazwa. Zungusha polepole, ni upepo wa jioni. Ongeza kasi, ni tufani. Mimi nina kompyuta na spika, na bado tufani yangu huanza sekunde moja baada ya mwigizaji kuitazama.