Nani anaijua njia yako? Dhana potofu na ukweli kuhusu simu na vifaa vinavyofuatilia watu

Mtu akianza kuhisi anafuatiliwa, mawazo yake hukimbilia mbali: setilaiti, mitambo ya usalama wa taifa, wadukuzi wa ng'ambo. Mitambo hiyo ipo. Ila anayemfuatilia mtu wa kawaida mara nyingi ni mtu aliyewahi kuishika simu yake kwa dakika kumi tu: mwenza, mpenzi wa zamani, ndugu, mwajiri, fundi. Hakuhitaji utaalamu wowote, alikuta mlango uko wazi akaingia. Yafuatayo yanasemwa sana vijiweni na kwenye magrupu, na yanawafanya watu wakague pasipo na tatizo huku mlango wenyewe ukibaki wazi.

Dhana: "Setilaiti za GPS zinaniona nilipo."

Hazikuoni. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, na kazi yake ni kutangaza saa kamili na mahali zenyewe zilipo. Hazipokei chochote kutoka kwenye simu yako. Simu hunasa ishara za setilaiti nne au zaidi, kisha inapiga hesabu yenyewe. Kinachokuuza ni hatua inayofuata: programu uliyoiruhusu kusoma hesabu hiyo, ikaituma kwa mwenye programu kwa bando lako mwenyewe.

Kwa hiyo kagua programu. Kwenye Android fungua Mipangilio, kisha Mahali, kisha ruhusa za programu, na uanze na kundi la zile zinazoruhusiwa wakati wote. Tochi, kibodi na michezo ya watoto hazina shughuli yoyote na mahali ulipo, zinyime kabisa. Programu ya usafiri ipe ruhusa wakati unapoitumia pekee. Ya hali ya hewa inatosheka na makadirio, izimie mahali halisi.

Dhana: "Nikizima location, au nikitumia kitochi, sionekani."

Simu yoyote iliyowashwa na yenye laini lazima ijitambulishe kwa mnara, la sivyo mtandao hautajua pa kukupelekea simu unapopigiwa. Kitochi hakina GPS wala intaneti, lakini kinafanya hivyohivyo. Mjini, minara ilikobanana, mahali pako hujulikana kwa kosa la mita mia chache. Kijijini kosa hufika kilomita kadhaa, maana mnara mmoja wa 2G (mtandao wa kizazi cha pili) unaweza kuhudumia hadi kilomita 35. Mtandao wa 2G hupima pia muda ambao ishara inachukua kufika, kwa hatua za takriban mita 550, hivyo unajua uko umbali gani na mnara hata kama haujui upande gani.

Taarifa hizi hukaa kwa kampuni ya simu, na vyombo vya dola huziomba kwa utaratibu wa kisheria. Jirani yako hawezi kuzipata. Anayetangaza mtandaoni kwamba ukimtumia namba ya mumeo na elfu kumi atakuonyesha alipo, ni tapeli. Ama atakula hela anyamaze, ama atakutumia kiungo cha programu itakayokuchunguza wewe.

Kubadilisha laini nako hakufuti nyayo. Kila simu ina namba ya IMEI, yaani utambulisho wa kifaa chenyewe, yenye tarakimu 15 (piga *#06# uione, simu ya laini mbili ina mbili), na laini ina namba yake ya ndani. Mtandao husoma zote mbili kwa pamoja. Laini mpya ikiingia kwenye simu ileile, rekodi inaonyesha ni kifaa kilekile. Ukiwa Tanzania, au Kenya kwenye Safaricom, piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama kuna usiyoijua, kuna mtu anatembea na jina lako.

Dhana: "Piga *#21# ujue kama simu yako inasikilizwa."

Ujumbe huu unasambazwa kila mwaka, na umewatia watu hofu isiyo na msingi. Msimbo *#21# unauliza jambo moja tu: je, simu zote zinazoingia zinahamishiwa namba nyingine? Hauwezi kugundua programu ya upelelezi, wala hauwezi kujua kama kampuni ya simu imeamriwa kukusikiliza. *#62# unauliza simu zinaenda wapi ukiwa hupatikani, na hapo wengi huona namba wasiyoijua wakashtuka. Mara nyingi ni ya ujumbe wa sauti wa mtandao wenyewe.

Hatari halisi iko kwenye msimbo unaofanana nao. Tapeli anajifanya mhudumu wa kampuni au mleta mzigo, anakwambia upige *21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya #. Ukipiga, simu zako zote zinaenda kwake. Kisha anaomba kusajili WhatsApp yako kwenye simu yake, na anachagua kupewa msimbo kwa kupigiwa badala ya SMS. Anapigiwa yeye. SMS hazihamishwi kwa njia hii, ndiyo maana hapendi njia ya SMS. Kufuta, piga ##21#, au ##002# kuondoa uhamishaji wote. Huo wa pili huenda ukaondoa pia ujumbe wa sauti, utaurudisha baadaye.

Dhana: "WhatsApp imefungwa kwa usimbaji, hakuna anayeweza kusoma."

Usimbaji, yaani kuugeuza ujumbe usisomeke na asiyehusika, ni wa kweli, na unazuia ujumbe kusomwa njiani. Haumzuii mtu aliyeunganisha kompyuta au simu yake na akaunti yako, kwa sababu kwa WhatsApp kifaa hicho ni chako. Kuunganisha huchukua chini ya dakika moja: anafungua simu yako, anaskani msimbo wa QR, anairudisha mezani. Vifaa vinavyoweza kuunganishwa ni hadi vinne, na vinaendelea kupokea ujumbe hata simu yako ikiwa imezimwa, alimradi simu kuu ifunguliwe angalau mara moja ndani ya siku 14.

Fungua WhatsApp, bonyeza vidoti vitatu (kwenye iPhone ni Mipangilio), ingia Vifaa Vilivyounganishwa. Kila kimoja kinaonyesha aina yake na mara ya mwisho kilipotumika. Usichokijua, kiguse ukitoe. Uthibitishaji wa hatua mbili wenye PIN ya tarakimu sita ni muhimu dhidi ya mtu anayetaka kusajili namba yako upya kwingine, ila hauzuii kuunganisha kifaa. Kinachozuia hilo ni kufuli ya simu yenyewe, na mwenza anayeijua PIN ya simu anapita.

Dhana: "Gmail ni ya kupakulia programu tu."

Hapa ndipo tunapoona hatari kubwa kuliko zote kwa watumiaji wa Afrika Mashariki, na ndipo pasipozungumzwa. Watu wengi walifunguliwa akaunti ya Google dukani siku waliponunua simu, au na fundi, au na mtoto wa shangazi anayejua mambo ya simu. Nenosiri anajua yeye. Mwenye nenosiri hilo anaweza, akiwa kwake kitandani, kuona simu iko wapi kwa huduma ya kutafuta kifaa iliyomo ndani ya Android, kusoma barua pepe, kuona picha zilizohifadhiwa, majina yote ya simu, hata kuifuta simu nzima. Hakuna programu ya kipelelezi itakayoonekana, kwa sababu hakuna iliyowekwa.

Fungua Mipangilio, Google, dhibiti akaunti yako, kisha Usalama. Angalia Vifaa vyako na utoe usivyovijua. Badilisha nenosiri. Kisha angalia namba ya simu na barua pepe ya urejeshaji, maana kama bado ni za fundi, atalirudisha nenosiri kwa dakika mbili. Malizia kwa kufungua Google Maps, gusa picha yako, ingia kwenye kushiriki mahali, uone kama jina la mtu lipo hapo. Mwenye iPhone afanye ukaguzi kama huo kwa akaunti yake ya Apple (zamani Apple ID). Tangu iOS 16 kuna Ukaguzi wa Usalama ndani ya Faragha na Usalama unaokusanya haya yote mahali pamoja.

Dhana: "Simu ikipata moto na chaji kuisha haraka, ina kipelelezi."

Betri iliyochoka hufanya hivyohivyo, na mtandao hafifu pia, kwa kuwa simu huongeza nguvu kuitafuta minara. Dalili hizi hazithibitishi kitu. Angalia athari ambazo kipelelezi hakiwezi kuziepuka. Programu hizi hazipatikani Play Store, kwa hiyo aliyeiweka alilazimika kuishika simu ikiwa wazi, kuruhusu usakinishaji kutoka vyanzo visivyojulikana, kuzima Play Protect (kinga ya Google inayokagua programu hatari), na kuipa programu ruhusa ya Ufikivu (Accessibility) ili isome skrini. Kagua sehemu nne: Play Protect iwe imewashwa; Ufikivu, programu zilizosakinishwa; orodha ya programu za msimamizi wa kifaa; na ruhusa za kusoma arifa. Hujipa majina ya kudanganya kama "System Service" au "Sync". Programu yoyote yenye Ufikivu ambayo hukuiweka mwenyewe, ishuku.

Simu kuwa mikononi mwa mwingine ndicho kiini cha jambo. Mwaka 2025 nchini Kenya, watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walikuta FlexiSPY, programu inayouzwa hadharani, kwenye simu za watengeneza filamu zilizokuwa zimeshikiliwa na polisi. Pegasus, programu ya upelelezi ya kampuni ya NSO ya Israel, ni kiwango kingine: mwaka 2019 iliingia kwa simu ya WhatsApp ambayo hata haikuhitaji kupokelewa, na watu wapatao 1,400 walilengwa, wakiwamo Wanyarwanda waishio uhamishoni. Mwandishi wa habari au mwanaharakati ana sababu ya kuihofia, asasishe simu kila toleo jipya linapotoka. Kwa mwenye duka Kariakoo, uwezekano mkubwa ni nenosiri la Gmail.

Dhana: "Simu inanisikiliza, nimetaja godoro nikaletewa tangazo la godoro."

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima zaidi ya programu 17,000 za Android wasione hata moja inayowasha maikrofoni kwa siri na kutuma sauti. Walichokiona ni programu zilizorekodi skrini ya mtumiaji na kuituma kwa kampuni nyingine bila kumweleza. Matangazo yanakufikia kwa njia rahisi zaidi: ulichotafuta, ulipokaa, na aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe aliyetafuta godoro jana. Kwenye Android 12 na kuendelea, kidoti cha kijani kikionekana juu kulia, kamera au maikrofoni inatumika muda huo. Kiguse kikwambie ni programu ipi.

Dhana: "Kifaa kidogo cha funguo hakiwezi kunifuata, hakina laini."

AirTag, kifaa kidogo cha Apple cha kutafutia vitu kama funguo, kilichotoka Aprili 2021, haina GPS wala laini. Inatoa ishara ya Bluetooth, na iPhone yoyote inayopita karibu inaripoti mahali ilipo kwa mwenye AirTag. Mjini, penye iPhone nyingi, inafanya kazi vizuri. Kijijini kwenye Android tupu hunyamaza. Betri yake ni ya CR2032, hudumu zaidi ya mwaka.

Tangu Mei 2024 Apple na Google wana utaratibu mmoja wa tahadhari: iPhone yenye iOS 17.5 na Android 6.0 kwenda juu hukuarifu kifaa kisicho chako kikisafiri nawe. Kwenye Android fungua Mipangilio, Usalama na dharura, kisha arifa za vifuatiliaji visivyojulikana, ukaskani mwenyewe. Ukiipata AirTag, gusisha upande wake mweupe nyuma ya simu yenye NFC (uwezo wa kusoma kifaa kwa kukigusisha). Itafunguka namba yake ya utambulisho na mara nyingi tarakimu nne za mwisho za namba ya simu ya mwenye AirTag. Piga picha ya skrini hiyo kabla ya kufanya lolote. Kuizima, bonyeza mfuniko wa chuma, zungusha kinyume cha saa, toa betri.

Traka ya gari au pikipiki ni kitu tofauti: ina GPS na laini yake. Kwenye pikipiki ya mkopo huwa chini ya kiti au nyuma ya taa, imeungwa na waya wa betri, na mara nyingi ina rilei, yaani swichi ya umeme, ya kuzima injini kwa mbali. Usiikate kiholela; ina betri ya akiba, itatuma tahadhari mara moja, na mkataba wako wa mkopo huenda unakataza. Kwenye gari, anza na tundu la OBD, ambalo fundi huchomeka kifaa cha kukagua gari, lenye pini 16 chini ya usukani, maana kuchomeka hapo ni kwa sekunde.

Dhana: "Nikikuta kipelelezi nikifute palepale."

Kukifuta kunamjulisha aliyekiweka, kwa kuwa taarifa zinakatika ghafla. Kama unayemshuku ni mtu mwenye mkono mwepesi wa kupiga, usalama wako unatangulia simu. Tumia simu ya mtu mwingine kuomba msaada, dawati la jinsia polisi likiwa mojawapo. Piga picha za ushahidi kwa kamera nyingine: jina la programu, tarehe iliyosakinishwa, ruhusa zake. Ukishakuwa salama, badilisha nenosiri la Google kutoka kwenye kifaa ambacho yeye hajawahi kukigusa, toa vifaa vyote, kisha ifute simu irudi kama ilivyotoka kiwandani. Rudisha picha na namba tu, usirudishe programu kutoka nakala ya akiba, na weka PIN mpya isiyo mwaka wa kuzaliwa wa mtoto.