Jumba la Arlington: kati ya jina na historia yake

Ukisimama Washington ukatazama ng'ambo ya mto Potomac, utaliona juu ya kilima cha Virginia, limezungukwa na makaburi ya wanajeshi. Jina lake rasmi ni Arlington House, Kumbukumbu ya Robert E. Lee, na jina hilo, la jenerali wa jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), ndilo linalowapoteza wengi.

"Lilikuwa la Jenerali Lee." Halikuwa lake hata siku moja. Alilijenga George Washington Parke Custis, mjukuu wa kambo wa Rais Washington, kuanzia 1802 hadi 1818, na alitaka liwe kumbukumbu ya babu yake huyo. Lee aliingia kwa ndoa: mwaka 1831 alimwoa humo Mary Anna, binti wa Custis. Mkwewe alipofariki 1857, wosia ulimpa Mary Anna haki ya kuishi humo maisha yake yote, kisha nyumba imwendee mwanawe wa kwanza. Lee akawa msimamizi wa mirathi, basi. Bunge ndilo lililomwekea kumbukumbu hapo, mwaka 1955.

"Lee aliwaacha huru watumwa kwa hiari yake." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wosia wa Custis uliagiza watumwa wake, karibu 200, waachwe huru ndani ya miaka 5. Lee aliwashikilia muda huo wote ili jasho lao lilipe madeni ya mirathi, na akaenda hata mahakamani kuomba muda uongezwe. Hati ya uhuru wao ilipatikana Desemba 29, 1862. Wesley Norris, aliyetoroka 1859 akakamatwa, alisimulia mwaka 1866 jinsi Lee alivyoamuru wachapwe viboko, yeye na dada yake.

Halafu yupo Selina Gray. Mary Anna alipokimbia vita mwaka 1861, funguo alimwachia mtumwa huyu. Askari wa Kaskazini, yaani wa serikali, wakaanza kuiba vitu vya Rais Washington vilivyokuwemo. Selina ndiye aliyekwenda kumweleza mkuu wao, Jenerali McDowell, na vilivyosalia vikapelekwa mjini kuhifadhiwa.

"Serikali iliipora ardhi, mambo yakaishia hapo." Nusu tu ndiyo kweli. Kodi ya ardhi iliyodaiwa wakati wa vita ilikuwa dola 92.07. Mary Anna alimtuma binamu yake akailipe, akarudishwa kwa kuwa mwenye mali hakuja mwenyewe. Januari 1864 serikali ikainunua mnadani kwa dola 26,800, na ilipofika Mei ikaanza kuzika wanajeshi humo. Lakini mwanawe, Custis Lee, alishtaki, na mwaka 1882 Mahakama ya Juu ikampa haki kwa kura 5 dhidi ya 4. Mwaka uliofuata akaiuzia serikali kwa dola 150,000.

Na zile nguzo nene za mbele, ambazo kwa mbali unaapa ni marumaru, ni matofali yaliyopigwa plasta na kupakwa rangi. Matofali hayo waliyafyatua watumwa, kwa udongo mwekundu wa shamba lilelile.