Kucheza na kuchezeshwa: maana ya "fursa za watoto kucheza"

Kikao cha mtaa wetu hapa Mwanza wiki mbili zilizopita kilikuwa na ajenda ya tano iliyoandikwa "Fursa za michezo kwa watoto". Nilifurahi kuiona. Haikupita robo saa tukawa tunazungumzia jezi seti mbili, nyavu za magoli, nani awe kocha na kombe liitwe la nani. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza kama watoto wanaocheza pale kwenye jiwe la kuanikia nguo wanaweza kuachwa bila kufukuzwa. Akajibiwa kwamba swali lake liko nje ya ajenda, hapa tunaongelea michezo.

Swali lake ndilo lilikuwa ajenda yenyewe. Mkanganyiko huu nimeusikia kwenye semina, nimeusikia redioni na kwenye risala za shule, na sasa umefika mlangoni kwetu, kwa hiyo leo nauandika.

Maana kwa ufupi: fursa ya mtoto kucheza ni kuwa na mahali, muda na ruhusa ya kufanya anachokipenda kwa raha yake, pasipo mkubwa kumpangia. Kuikuza katika jamii ni wakubwa kuvilinda vitu hivyo vitatu visitoweke. Zaidi ya hapo hakuna fumbo. Kinachotupoteza ni maneno tunayoyatumia.

Tuanze na "mchezo". Katika umoja neno hili limebaki na maana tele: mchezo wa watoto, mchezo wa kuigiza, mchezo wa bao, hata ule mchezo wa akina mama wanaochanga kila wiki na kumpa mmoja wao kwa zamu. Wingi wake ndio uliotekwa. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na leo ukisikia "michezo" bila maelezo mengine akili inakwenda kwenye soka, riadha, netiboli na ndondi. Mtangazaji akisema sasa ni habari za michezo, hakuna anayesubiri kuambiwa kwamba watoto wa Igogo jana jioni walicheza kombolela mpaka giza likaingia. Hata UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, neno hilo limo ndani ya jina lake: michezo na taaluma. Sina ugomvi na mashindano. Vijana wetu wanaokimbia Nyamagana na Kirumba wanahitaji viwanja na makocha, na wapewe. Ila ukiandika "fursa za michezo kwa watoto" mbele ya watu wazima thelathini, umekwisha kuwapeleka uwanjani kabla hujafungua mdomo, na mtoto wa miaka minne ameachwa nyumbani.

Ndiyo maana naomba turudi kwenye kitenzi. Cheza. Wamvita husema teza, sisi wa huku tunasema cheza, kazi ni ileile. Kitenzi kina jambo moja ambalo nomino haina: kinadai mtendaji. Ukisema "michezo", hujasema nani anafanya nini. Ukisema "watoto kucheza", watoto wameshika usukani wa sentensi. Sasa ongeza viambishi uone. Chezea: mtoto anachezea udongo. Chezeana: watu hawaheshimiani. Chezesha: mwamuzi anachezesha mechi. Angalia hapo. Katika kuchezesha mtendaji amebadilika. Yupo mwenye filimbi, yupo anayesema anza na simama, na watoto wamekuwa watu wa kutendewa. Wamechezeshwa.

Tofauti ya cheza na chezesha ndiyo tofauti nzima ninayoililia. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa iliandika maoni marefu mwaka 2013, Maoni ya Jumla Namba 17, kufafanua Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto. Kwa maneno yangu, inasema kucheza ni tendo linaloanzishwa na kuongozwa na watoto wenyewe, lisilo la lazima, linalofanywa kwa ajili yake lenyewe na si kama njia ya kupatia kitu kingine. Wao walihitaji aya nzima. Kiswahili kimeibeba tofauti hiyo kwenye silabi moja, na sisi wenye lugha tunaipita bila kuiona.

Kuna matumizi mengine ya neno hili ninayoyapenda kuliko yote. Mtoto wa miaka sita huja kwa bibi yake na kusema, jino langu linacheza. Fundi baiskeli hutikisa gurudumu akakuambia linacheza. Maana yake kitu hakijakazwa, kimebakiwa na nafasi ya kusogea huku na huku. Mtoto anayecheza ni hivyohivyo. Kwa saa moja hajakazwa na kengele ya shule wala ndoo ya maji, hakuna mdogo mgongoni na hakuna sauti inayomwita dukani. Ukimpangia saa hiyo nayo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hata kama umempa mpira mpya, umemkaza.

Lugha hiihii imetuletea pia "si mchezo", "usilete mchezo" na "acha mchezo, fanya kazi". Nadhani misemo hii imechangia wakubwa kuona kwamba mtoto kucheza ni jambo la kusubiri hadi mambo ya maana yaishe. Sheria haioni hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inapotaja anachopaswa kupewa mtoto na mzazi, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Ipo kwenye orodha moja na ugali.

Neno la pili ni "fursa", nalo siku hizi limechakaa. Tunachangamkia fursa, tunaambiwa fursa zipo ziwani kwenye vizimba vya samaki, fursa zipo kwenye kilimo. Limekuwa neno la biashara. Asili yake ni Kiarabu, na huko zamani, kabla halijawa jina la bahati ya aina yoyote, lilikuwa na maana ya zamu ya watu wanaopokezana maji kisimani. Zamu! Maana hiyo hakuna asiyeielewa katika mji ambao watu wamewahi kupanga ndoo usiku. Fursa ya mtoto kucheza, kwa maana hiyo ya kisimani, ni zamu yake. Mahali palepale wanapopatumia wengine, naye saa yake ikifika anapewa, hakuna anayemruka kwenye foleni.

Nalishikilia hili la zamu kwa sababu ya mji wenyewe ulivyo. Mwanza ya milimani haina tambarare ya kugawa ovyo. Nyumba zimepanda juu ya mawe, njia ni ngazi na vichochoro, na kila panapokaa sawa pana mtu mwenye shughuli. Asubuhi pameanikwa nguo, mchana pamemwagwa kokoto za mjenzi, jioni pameegeshwa bodaboda. Kule mwaloni, ufukweni wanapotua wavuvi, mchanga mzuri kuliko wote umefunikwa dagaa tangu jua linapochomoza, na mtoto akikanyaga anafukuzwa kwa haki kabisa, kwani ule ni mtaji wa mtu. Lakini dagaa huanuliwa. Kati ya kuanuliwa dagaa na kuingia kwa giza kuna muda, na nimeona wasichana wakiuchukua muda huo kwa rede: wawili wanarusha mpira wa soksi, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Hakuna aliyewaandikia ratiba. Walikuwa na zamu tu, na mwenye dagaa aliwaachia.

Mzazi wa kando ya ziwa ana hofu ambayo haifai kudharauliwa. Maji yale yana kichocho, na mtoto anaweza kuzama hatua chache tu kutoka ufukweni. Ila tuangalie watoto wanafikaje majini. Wamefukuzwa kwenye jiwe, wakafukuzwa kwenye uwanja wa shule baada ya masomo, barabarani kuna pikipiki. Wanateremka ziwani kwa sababu ziwa halina mtu wa kuwafukuza. Anayetaka wasiingie majini ana sababu kubwa kuliko ya yeyote kuwatafutia zamu nchi kavu.

Niongeze jambo moja la tafsiri, kwa kuwa wapo wanaoandika mabango. Mwezi Machi 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 11 Juni kila mwaka kuwa siku ya kimataifa ya kucheza, siku tano kabla ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Lakini tarehe 6 Aprili tayari ni Siku ya Kimataifa ya Michezo kwa Maendeleo na Amani, yaani siku ya wanamichezo. Ukiiita ya Juni nayo "Siku ya Michezo", umezichanganya siku mbili zilizotengwa makusudi. Juni utaletewa paredi na fainali, na mshindi atapigwa picha. Iandikwe Siku ya Kucheza. Najua linasikika kama limekatika njiani, kwa kuwa tumezoea kucheza kitu fulani: mpira, ngoma, karata. Ni kweli pia kwamba kucheza bila kutaja kitu ndiko anakofanya mtoto mwenye kijiti na kopo.

Na kopo lenyewe nisilipite. Katika kombolela, aliyejificha akiwahi kulipiga teke kopo, waliokwisha kukamatwa wote wanakombolewa na kukimbia upya. Jina la mchezo limetoka hukohuko kwenye kukomboa. Sijui kocha angelipangaje hilo, maana nusu ya muda watoto wanabishana kama kopo limeguswa au halijaguswa, na kubishana huko ni sehemu ya kucheza kama kukimbia kulivyo. Mkubwa akiingia kuamua, amewanyang'anya.

Kwa hiyo, mwenyekiti wetu, ombi langu ni dogo na nalileta kwa heshima. Jezi zinunuliwe, vijana wanazingoja. Ila ile ya jezi iandikwe ajenda ya michezo, na chini yake iongezwe nyingine isomeke: mahali, muda na ruhusa ya watoto kucheza. Haihitaji bajeti. Inahitaji tukubaliane ni eneo lipi na kuanzia saa ngapi, halafu tuwaambie wenye pikipiki. Na yule mama wa karibu na mlango apewe nafasi amalizie swali lake. Jiwe analolisema nalijua, jua la huku likiwaka vizuri nguo huwa zimekauka kabla ya saa tisa.